Ijumaa Anabeba Kambale, Siku ya Mungu Ninabeba Mimi

Ninyi vijana wa umeme mukifika kwangu hapa Murara, ndani ya muji wa Goma, mbele hata ya kukaa, munauliza: "Muzee, mashini yenu ilikuwa inatoa kilowati ngapi?" Nimechoka na lile swali. Ni kama kumuuliza mama aliyelea nyumba nzima ya watoto: mama, ulikuwa na kilo ngapi? Kilowati kila mutu anaijua, juu ndiyo wanayomuuzia. Mimi nataka kuwaandikia juu ya kitu kingine, kile kisichouzwa, kinachoshikilia hizo kilowati ili zifike. Na nitawaambia namna rafiki yangu Kambale alivyopoteza kazi yake juu ya hicho kitu. Kama munatafuta maneno ya kuwatia moyo, endeni kwa muhubiri.

Naitwa Shabani. Babu yangu alitoka Maniema, baba yangu alikuwa dereva wa lori, na mimi shule ilinishinda mwaka wa tatu wa primeri. Akili nilikuwa nayo, feza za shule ndizo hazikuwa. Nilifika kwenye santrali, kituo cha kutoa umeme, nimebeba simenti kichwani. Walikuwa wanaijenga kule juu upande wa Rutshuru, pale muto unaporuka. Simenti ilipoisha wenzangu walirudi Goma, mimi nilibaki nikafagia. Kisha nikapaka mafuta. Kisha nikashika mashini, na sikuiachilia mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Namba za Kifaransa nilizijua mbele ya kujua kuandika jina langu vizuri, juu namba zilikuwa kwenye kadrani, ile sahani yenye mushale, mbele ya macho yangu kila siku, na jina langu hakuna mutu aliyelihitaji. Hakuna aliyenisukuma kwa mugongo. Hiyo nayo muiandike.

Aliyenifundisha ni Muzee Bahati, fundi mukubwa wa pale, mutu wa maneno machache na makofi ya kutosha. Alikuwa na tabia moja. Akiingia zamu anatoa kitambaa mufukoni, anafunika kadrani ya kilowati. "Sasa niambie muji uko namna gani." Mimi nafungua macho kama samaki. Kofi. "Kilowati ni majivuno. Angalia volti. Sikiliza transfo. Gusa mashini kwa mugongo wa mukono, ile ya ndani imezoea jembe, haisikii kitu." Nilijifunza vile. Transfo ikiimba sauti nzito kuliko jana, kuna kitu muji unaomba. Mashini ikinuka kama maharagwe yaliyoshika chini ya chungu, ndani yake ngozi ya waya imeanza kuiva, na wewe uko karibu kulia.

Siku moja mulinzi wetu alianika sambaza pale hewa ya moto ya mashini inapotokea. Ilikuwa akili nzuri, samaki walikauka haraka kuliko juani. Lakini santrali nzima ilinuka ziwa, na hatukujua tena kama mashini inaungua ama hapana. Muzee Bahati alimufukuza mpaka barabarani, sambaza zikimwagika nyuma yake. "Pua yangu ndiyo alama yangu ya hatari! Utanitia upofu wa pua!" Paka wote wa kijiji walikuja siku ile. Munacheka, lakini hata leo, mukiwa na ordinateri zenu, zile kompyuta, nawaomba musianike kitu pale.

Sasa hicho kitu kisichouzwa. Munajua chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, ikiwa imepakia magunia, wanaipandisha kwenye mawe nyeusi kuelekea Munigi. Mutu mumoja anasukuma nyuma. Mwingine anatembea ubavuni, ameweka mukono kwenye muzigo ili usilale. Ule wa ubavuni hasogezi gunia hata kidogo. Ukimuangalia utasema anatembea tu, anakula hewa. Lakini aondoe mukono: mutaokota viazi mpaka jioni. Mwenye muzigo akifika juu, analipa nani? Analipa ule wa nyuma.

Umeme uko vile vile. Kila mota ya kusaga, kila pompi ya maji ya ziwa, inaomba vitu viwili: nguvu ya kuzungusha, na ule mukono wa ubavuni. Wenye kusoma wanauita reaktifu. Sisi tulisema tu "kubeba". Unaongeza umeme kidogo kwenye rotor, ile sehemu ya ndani inayozunguka, na volti ya muji inapanda, mota zinapumua. Lakini rotor inashika joto. Na ukibeba sana, kilowati za kuuza zinapungua, juu mashini ni moja na mwili wake ni mumoja. Tena reaktifu haitembei mbali. Kilowati unaituma safari ndefu, inafika imechoka lakini inafika. Reaktifu inafia njiani. Inapaswa itoke kwa jirani.

Kuna kadrani moja inaitwa kosifi, ndiyo inakuonyesha. Mushale ukisimama wima kwenye moja, ile mashini inauza kilowati tupu, haibebi mutu. Ukilala upande, inabeba. Basi. Mumemaliza masomo yangu yote.

Wakati wa Muzee Bahati hakuna aliyegombana juu ya ule mushale. Kampuni ilikuwa moja. Ukibeba unabeba muzigo wa nyumba yenu. Kisha zikaja kampuni zingine za umeme. Hapa Murara mutaa mumoja ukawa na nguzo za huyu na nguzo za yule, zimesimama karibu karibu kama watu wasiosalimiana. Wateja wakaanza kuhama. Kuna mama mumoja, Mama Kavira, mujane aliyetoka Butembo, ana mashini ya kusaga si mbali na kwangu. Mwaka huu ni muteja wetu, mwaka unaofuata ni wa kampuni ya pili, kisha anarudi. Nilimuuliza siku moja: "Mama, wewe hauna msimamo?" Akanijibu unga ukiwa mpaka kwenye kope: "Papa Shabani, nilisha olewa mara moja, ilitosha. Siolewe na kampuni."

Maji yalipoanza kupungua wakati wa kiangazi, kampuni yetu na ile ya pili zilikubaliana kuunganisha laini zao pale Munigi, ili mumoja akikosa, mwingine ajaze. Wazo zuri. Wakaandika mukataba: anayechukua kilowati analipa kilowati. Juu ya mukono wa ubavuni hawakuandika hata neno. Na kitu kisichoandikwa, shefu wa biashara anakiona kama hasara. Amri ikashuka kwetu: mushale kwenye moja. Uzeni kilowati, acheni ule mwingine abebe.

Tatizo ni kwamba ule mwingine naye alipata amri ile ile.

Ndipo nilimujua Kambale. Alikuwa anaongoza santrali ya kampuni ya pili, iliyokuwa karibu na muji kuliko yetu. Munande wa Beni, mukatoliki wa kweli kweli, mutu mukubwa wa mwili. Nilimupigia simu nikiwa na hasira, sikumusalimia hata.

"Weye ndiye unaongoza pale? Unanilalia, papa! Mushale wangu umeanguka upande kama mulevi, wako najua uko wima."

"Shefu wangu amesema moja."

"Wangu pia amesema moja!"

"Basi mbona wako umelala?"

"Juu mashini za kusaga za Murara hazimujue shefu wangu!"

Nilisikia anacheka, cheko la tumboni. Akasema: "Ngoja." Sikukata simu. Nikauona mushale wangu unainuka polepole, kama mutu aliyetuliwa muzigo. Sikumushukuru. Ndivyo urafiki ulivyoanza.

Hatukuandika kitu. Tulizoea tu. Mashini ya nani imeamka na baridi, ndiye anabeba zaidi. Mimi nilimwita Padiri, yeye aliniita Shehe.

"Shehe, leo yangu iko na homa. Beba."

"Padiri, jana nilibeba peke yangu. Beba na ule mwili Mungu alikupa."

"Mwili wangu haujaunganishwa kwenye laini."

Na kulikuwa siku mbili ambazo hatukuzijadili. Ijumaa saa ya swala alibeba yeye, na mimi nilishuka kwa pikipiki mpaka musikiti. Siku ya Mungu, yaani Jumapili, nilibeba mimi, yeye akaenda misa na bibi yake na watoto wake. Mutu wa zamu uliyemuacha kwenye mashini ulimuambia neno moja tu: "Usiguse, mwenzetu anabeba." Miaka ilipita vile. Kampuni mbili zilipigania wateja kwenye redio, na huku chini wazee wawili walisaidiana ili kila mumoja akasali. Wakubwa waliona volti ni nzuri, wakasema wao ndio wamefanya kazi nzuri.

Lakini kalendari ni ya watu wawili. Kila mwaka Ijumaa Kuu ilipokaribia, mumoja wetu alikumbuka kupiga simu; mwaka mumoja hakuna aliyepiga. Kwa mimi ilikuwa Ijumaa. Kwa Kambale ilikuwa Njia ya Musalaba. Mimi nilienda musikiti nikijua Ijumaa ni yake. Yeye alienda kanisani akijua siku kubwa ya kanisa ni yangu. Wote wawili tuliacha nyuma mutu aliyeambiwa: usiguse, mwenzetu anabeba. Kambale anasema mimi ndiye nilipaswa kufikiri. Mimi nasema Ijumaa ni Ijumaa, hata kama ni Kuu. Tumebishana juu ya hiyo mpaka leo na hakuna aliyeshinda.

Volti ilianguka. Munajua mota inafanya nini volti ikianguka: haisimami. Inalazimisha. Inavuta umeme zaidi na zaidi, inalia, kisha inaungua. Mama Kavira alikuwa na foleni ya watu wenye mahindi na muhogo. Alisikia mota inalia akazani ni ukanda. Alipofika kwenye swichi, moshi ulikuwa umetangulia.

Walituita wote Goma, kwenye ofisi. Direktere wetu, direktere wa kampuni ya pili, Kambale, mimi, na Injenieri Neema wa kampuni yetu, binti wa Bukavu aliyesomea Lubumbashi. Ule binti sitamusema vibaya. Alijua kazi kuliko mimi, na alikuwa anauliza joto la rotor mbele ya kuuliza chai. Mama Kavira aliingia na waya za mota zilizoungua, amezifunga ndani ya kitenge kama mutoto. Akazimwaga kwenye meza yao safi.

"Mama," direktere wa kampuni ya pili akasema, "kilowati zako ulizipata. Kontere, mita ya nyumbani kwako, inaonyesha."

"Nilizipata, papa. Tazama zilivyonipikia."

Direktere wetu akakohoa. "Laini ni mbili. Inawezekana shida ilitoka upande wao."

"Au wenu," mwingine akasema.

Injenieri Neema akawaeleza. Aliwaambia kwamba kwenye inchi zingine zenye kampuni nyingi za umeme, hii vita walisha ipigana. Kila mashini inalazimishwa kutoa kiasi fulani cha reaktifu bila malipo, ni kama haki ya kuingia kwenye laini. Ikiombwa kupita pale, inalipwa, juu imeacha kuuza kilowati ili kushikilia muji. "Sisi hatukuandika kiasi wala bei," akasema. "Kwa hiyo siku ile hakuna aliyevunja mukataba. Wote waliufuata. Ndiyo maana mota imeungua."

Mama Kavira akainua kichwa. "Na zile siku zingine zote, wakati mota yangu ilikuwa inazunguka vizuri? Nani alikuwa anaishikilia?"

Kambale akaniangalia. Nikamuangalia.

"Sisi," nikasema.

"Sisi wawili," Kambale akasema.

Direktere wake akamugeukia. "Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya volti."

"Papa Kambale, unaelewa kwamba mashini yetu ilikuwa inapata joto kwa ajili ya wateja wao?"

"Naelewa. Na siku ya Mungu yao inapata joto kwa ajili ya wateja wetu. Waya haijue muteja wa nani."

"Hiyo ni zawadi kwa mushindani!"

"Haiko zawadi. Naye ananirudishia."

Nilimuona Injenieri Neema anafunga macho. Alikuwa anajua kitakachofuata. Walimwekea Kambale karatasi mbele: mushale kwenye moja, na akibeba tena bila amri ya maandishi, ametoka kazini. Mimi walitaka kunifanyia vile vile. Injenieri aliwakatalia, akasema mashini yetu ni kizee na hakuna mwingine anayejua kuiamusha. Alisema kweli. Karatasi yangu ilirudi ndani ya bahasha.

Ile siku Kambale hakusaini. Alisaini kesho yake. Alinipigia.

"Shehe, nimesaini."

"Nimesikia."

"Watoto wako shule."

"Nimekuambia nimesikia, Padiri."

"Basi usinipigie tena juu ya ile kitu. Wanasikiliza."

Sikumukasirikia, ama nilimukasirikia kidogo, sijue tena. Alikuwa na nyumba ya kulisha. Lakini tangu pale simu ikanyamaza. Mama Kavira alitafuta mota ya pili, iliyotumika Uganda, fundi akaifunga waya mupya. Alinikuta kwenye mulango wangu akaniambia bila kucheka: "Papa Shabani, hii ikiungua sina nyingine. Nafunga mulango, narudi Butembo kukaa kwa kaka yangu kama mutoto mudogo. Kwa umri huu." Nilimuambia itazunguka. Nilisema vile juu alikuwa mbele yangu. Utamuambia nini kingine?

Nikaanza kubeba peke yangu. Sasa fikirini: Kambale alikuwa karibu na muji, mimi niko mbali. Kile alichobeba na mukono mumoja, mimi kilinitaka yote miwili, juu nusu ilikuwa inafia njiani kwenye mawe ya Kibumba. Ijumaa sikushuka tena. Niliswali adhuhuri kwenye kipande cha karton kando ya mashini, na katikati ya swala sikio langu moja lilikuwa kwa transfo. Mungu anisamehe, sijue alihesabu ile swala nusu ama nzima. Siku ya Mungu nilibeba, na Kambale alienda misa mushale wake umesimama wima kama askari. Injenieri Neema alikuja mara nyingi kuangalia joto. "Papa, utaiua." Nikamujibu: "Ndiyo, binti yangu. Uwaambie waandike bei." Alirudi Goma kuwaambia. Walimuambia wanasoma dosie. Ile dosie ilisomwa kuliko Biblia.

Niwaambie kitu kimoja kisichokuwa kwenye vitabu vyenu. Kazi inayochosha siyo ile nzito. Ni ile unayofanya mahali pa watu wawili, na unajua mwingine yuko, mukono wake umefungwa.

Asubuhi moja nikasikia harufu ya maharagwe. Sikuamini pua yangu, nikaenda nyuma nikanusa tena. Mbele sijarudi kwenye meza, mashini ikajikata yenyewe. Rotor ilikuwa imeungua ngozi ya waya. Tulifunga maji. Munajua santrali iliyosimama ina sauti gani? Unasikia muto nje, na unakumbuka kwamba muto hauna haja na wewe.

Laini ya Munigi ilibaki na umeme kutoka upande wa Kambale, ndiyo iliyotupatia mwanga wa ndani. Goma wakakata mitaa fulani ili kilowati za kampuni ya pili zitoshe. Murara waliiacha. Kwa hiyo kadrani yetu ya volti ilikuwa bado hai, ikinionyesha muji kama dirisha. Mashini imekufa, lakini niliweza kuona.

Ilikuwa saa ile mashini za kusaga zinafunguliwa. Mushale wa volti ukaanza kushuka. Moja ikafunguliwa, nyingine, nyingine. Ukashuka. Injenieri Neema alikuwa amefika kwa jeep, alisimama nyuma yangu. "Mupigie," akasema.

"Aliniambia nisimupigie."

"Papa, mupigie!"

"Amesaini, binti yangu. Nikimupigia nitakuwa mimi ndiye nimemutoa kazini."

Mushale ulifika pale mota zinapoanza kulia. Nilikuwa najua Mama Kavira anasimama wapi, kando ya swichi, mukono juu yake, sikio kwa mota, hawezi kuzima juu watu wamepanga foleni na hawezi kuacha juu inalia. Nilivuta kiti nikakaa.

Kisha mushale ukasimama. Ukapanda kidogo. Ukangoja. Ukapanda tena kidogo.

Kuna mashini ndogo ya kurekebisha volti yenyewe. Ikipandisha, mushale unapanda moja kwa moja bila kupumua. Mukono wa mutu haupandishi vile. Unageuza kidogo, unagusa mashini kusikia joto, unageuza tena. Ule mukono niliujua. Nilikuwa nimeutazama kwa miaka kupitia kadrani, kama ninyi munavyojua mwendo wa baba yenu kwenye giza.

"Ni yeye?" Injenieri akauliza.

"Nani mwingine?"

Alibeba ile siku nzima, na siku zilizofuata zote tulipokuwa tunafunga rotor waya mupya. Mota ya Mama Kavira haikulia tena. Na kampuni ya pili iliona yote kwenye ordinateri yao, saa kwa saa. Walingoja mashini yetu irudi, kisha wakamuita Kambale wakamuonyesha sahihi yake. Injenieri Neema alienda kumutetea. Walimuambia siyo kampuni yake. Mama Kavira alienda kupiga kelele kwenye mulango wao na kuhama tena, hii mara ya mwisho, alisema. Walimupungia mukono. Kambale alikusanya watoto na vyombo vyake, akapanda Kibumba kwenye shamba la bibi yake.

Mukataba? Uliandikwa upya baadaye. Sasa kila mashini inatoa kiasi chake cha reaktifu. Hiyo Injenieri Neema aliipata, na mukimuona mumusalimie kwa heshima. Kwa kile kinachozidi, bado wanajadiliana bei. Kambale hawakumurudisha. Karatasi mupya haikuangalia nyuma.

Nilipopumuzika kazi, nilipanda Kibumba kumutembelea. Nilikuwa sijamuona uso kwa uso tangu ile ofisi. Nilimukuta ameinama kwenye shamba la shu, zile kabichi kubwa za kule, amekonda, kofia ya misa kichwani. Tulisalimiana, tukaulizana juu ya watoto, juu ya mvua, tukabishana tena kidogo juu ya Ijumaa Kuu. Kisha nikauliza lililonileta.

"Padiri, ile asubuhi. Ulikuwa umesaini. Sikukupigia. Uliwaza nini?"

Alipangusa jembe na kidole. "Niliwaza nini? Bibi yangu alikuwa amepeleka mahindi kwa Mama Kavira. Nilijua mota ikiungua, tutalala na njaa."

"Juu ya bugali?"

"Juu ya bugali. Weye ulizani juu yako?"

"Nilizani."

"Kiburi chako, Shehe, hata pensioni haikuipunguza."

Tulicheka mpaka bibi yake akatoka jikoni kuangalia wazee wana nini. Nilimuambia: "Mama, kumbe ni mahindi yako yaliyomutoa huyu kazini! Yale uliyopeleka kusaga Murara."

Akasimama, mikono kiunoni. "Murara? Kwa ule mama anayechanganya unga wa muhogo na wa mahindi? Papa, mimi sijawahi kusagisha pale hata siku moja. Nani amekuambia?"

Kambale alikuwa amekwisha tugeuzia mugongo. Ameinama kwenye shu, anang'oa majani mabaya pale ambapo hayakuwa.